Chukua Dada, Ni Yako

Mama Ratiba hana mtoto anayeitwa Ratiba. Hana mtoto kabisa, na anayethubutu kumuuliza hujibiwa kwamba anazo shule mia moja na kumi, zote hulia kwa wakati mmoja mwanzoni mwa muhula, na hajaona mtu akijitolea kumbebea hata moja. Kazi yake ya kuajiriwa ni ukarani wa shule ya sekondari. Jina hilo alipewa kwa sababu ya programu ya kompyuta aliyoiandika, au tuseme aliyosema ameiandika, maana hapo ndipo penye maneno.

Tuanze na ofisi. Imebanwa kati ya stoo ya chaki na chumba cha walimu. Ina dirisha moja, kabati mbili za chuma ambazo moja haijawahi kufungika sawasawa, na feni inayogeuka kushoto kisha inaganda huko kama mtu aliyesusa. Ukutani bado umetundikwa ubao wa zamani wa ratiba, wenye misumari midogo na vikadi vya rangi, kila mwalimu na rangi yake. Kwa miaka kumi na minne ratiba ya shule nzima ilipangwa pale kwa mkono. Wiki tatu anapanga, shingo imekakamaa, anahesabu vipindi kwa vidole; siku ya kufungua shule mwalimu wa kemia anabisha hodi: "Karani, saa nne nigawanyike? Umeniweka kidato cha pili na cha nne kwa pamoja." Vikadi vyote vinashuka, kazi inaanza upya.

Ubishi ni kitu kikubwa, jamani. Mwanamke huyu hakusomea kompyuta hata siku moja. Mwalimu mmoja aliyehama aliacha kitabu kinene cha kufundisha kuandika programu. Karani akakichukua ili kizuie mlango usijibamize kwa upepo, kisha likizo moja ndefu, kwa kukosa la kufanya, akakifungua. Alikisoma kama mtu anayegombana nacho. Mwaka wa pili alikuwa na programu iliyopanga ratiba vizuri tu mpaka ifike kwa walimu wanane wa mwisho, hapo inaanza kuwarundika: mwalimu mmoja, madarasa mawili, saa ileile. Hali hiyo aliiita mgongano. Alihangaika nao miezi minne, akaanza kuongea peke yake, na walimu wakaanza kupita mbali na mlango wake.

Aliyemtoa hapo ni mdogo wake wa kiume, ndugu wa tumbo moja, wakati huo mwalimu wa hesabu katika mji mwingine. Alikuja likizo, akamkuta dada mtu amekunja uso mbele ya kompyuta, akavuta kigoda akaketi.

"Unaanza kumpanga nani?"

"Wa kwanza kwenye orodha. Nianze na nani tena?"

"Anza na msumbufu. Yule anayekuja siku mbili tu kwa wiki, yule asiyeweza asubuhi, yule anayegombea maabara. Wapange hao kwanza. Hawa wapole watajaa wenyewe kwenye nafasi zitakazobaki. Na ukikwama usibomoe nyumba nzima, rudi hatua moja tu."

Alikaa siku kumi na moja, kila siku kwenye kompyuta ya dada yake, akaandika mistari mia tatu hivi. Aliandika haraka na vibaya. Neno "mwalimu" alilikosea kila mara akaandika "mwlaimu", na kwa kuwa alilikosea kila mahali kwa namna moja, kompyuta haikujali. Siku ya mwisho waliipa programu orodha ya shule nzima. Ikamaliza kabla chai haijapoa, bila mgongano hata mmoja. Kijana akahifadhi kazi yake. Programu hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, nani kalifanya na lini, na anayehifadhi huacha ujumbe mfupi. Yeye alijiandika "mdogo", na ujumbe wake ulikuwa maneno manne: *Chukua dada, ni yako.*

Basi dada akachukua.

Mwanzoni alichukua kwa wema. Hakuifungia programu kabatini. Aliitoa kwa leseni huria, na leseni ile ukiisoma bila kizunguzungu inasema hivi: chukua, tumia, fungua ndani uone, rekebisha utakavyo, ila ukiigawa na marekebisho yako, uyaache wazi kama ulivyoikuta, usijifanye umeziba mlango uliokuta uko wazi. Walimu wakuu hawakusoma lolote kati ya hayo. Waliona neno "huria" wakasikia "bure", wakaja mbio. Shule tano zikawa ishirini, zikawa mia na ushee. Mwalimu mkuu mmoja alilipa shukrani zake kwa kutafsiri menyu, na mwanafunzi mmoja wa chuo akarekebisha sehemu ya kuchapa, iliyokuwa inakula jina la siku ya Ijumaa. Nao kumbukumbu iliwaandika.

Kisha akaja mwandishi wa gazeti la elimu. Aliketi chini ya ile feni, akatoa kalamu, akauliza, "Nani ameiandika hii?"

"Mimi," alisema Mama Ratiba.

Ukimuuliza leo atakwambia alikuwa amechoka, mwandishi alikuwa na haraka, simu ilikuwa inalia. Yote kweli. Na angeweza kuongeza "na mdogo wangu" kwa pumzi moja, asiongeze, na hilo ni kweli pia. Picha yake ilitoka nusu ukurasa. Wiki iliyofuata akaweka kwenye ukurasa wa kufungulia programu jina lake, peke yake, kwa herufi nene.

Mdogo mtu alilisoma gazeti. Hakupiga simu kugombana. Ila walipokutana kwenye shughuli ya ukoo alimpa mkono, akasema, "Hujambo, Mama Ratiba?" Tangu azaliwe alikuwa akimwita dada. Miaka sita ikapita ya Mama Ratiba huku na Mama Ratiba kule, kwa adabu tele, kama mtu anayemsalimia ofisa wa benki. Katikati ya miaka hiyo aliacha ualimu, akajifunza kutengeneza miwani, akafungua chumba cha kazi mtaa wa nyuma ya stendi, mwendo wa nusu saa kutoka kwa dada yake. Dada mtu hakuwahi kukanyaga pale.

Sasa ikaja kampuni. Ilikuwa inauza mfumo mzima wa kuendesha shule: mahudhurio, matokeo, maktaba. Ilikosa ratiba tu, ikataka kuitia hii ndani ya mfumo wake. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa wa kufungwa, hakuna mteja anayefungua kuona ndani, na leseni huria ingewalazimu wauache wazi. Kwa hiyo wakaomba leseni ya pili. Kitu kilekile, karatasi mbili: shule ziendelee na karatasi ya kwanza kama kawaida, na kampuni ipewe ya kwake, ya biashara, iilipie kila mwaka. Kwa malipo hayo Mama Ratiba angeweza kuacha ukarani na kukaa na programu yake mchana kweupe, badala ya kuihudumia kwa macho yaliyochoka baada ya kazi. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote. Hakulificha.

Wakili wa kampuni alikuwa binti mpole, msafi, mwenye mkoba uliopangwa kama kabati la bibi harusi. Alimweleza taratibu. "Karatasi ya pili hutolewa na mwenye mali tu, mama. Nipe majina ya wote walioandika. Kila mmoja ahamishie haki zake kwako, au akuruhusu uzitolee leseni. Vyovyote sawa, fomu yetu imeandikwa ahamishe, ndivyo tulivyozoea. Tukimkosa hata mmoja hakuna mkataba, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunachukua programu nyingine."

Mwalimu mkuu aliyetafsiri menyu alisaini siku ileile. Mwanafunzi wa chuo, sasa ana familia yake, alisaini na kutuma salamu. Likabaki jina moja.

Mama Ratiba hakwenda kwa mwenye jina. Alijaribu kwanza kumkwepa: sehemu ile ataiandika upya yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ya zamani aifute. Alifunga mlango Jumamosi mbili. Mistari ilimtoka kwa ulaini wa ajabu, akafurahi, mpaka alipoisoma. Ilikuwa ileile. Anza na msumbufu, ukikwama rudi hatua moja. Na kila mahali, kwa vidole vyake mwenyewe visivyokosea hata barua ya bodi ya shule, alikuwa ameandika "mwlaimu".

Jumamosi ya tatu wakili alimfuata nyumbani, siku zikiwa zimebaki chache. Mama Ratiba alimfungulia mlango: "Karibu, mwanangu, pita, hapa ni kwako." Binti akaketi, akapewa chai, akafungua mkoba. Alikuwa ameipitia kumbukumbu yote na amekuja na habari njema.

"Huyu 'mdogo' ameacha maandishi, mama. 'Chukua dada, ni yako.' Huo ni ushahidi kwamba alikupa. Tuandike kiapo, useme alikuhamishia kwa maneno hayo, usaini hapa. Hatuna haja ya kumsumbua."

Kalamu ilikuwa tayari imefunguliwa. Mama Ratiba aliitazama. Mtu asikudanganye, alitamani. Ni sahihi moja tu, na nani angejua? Akamtazama binti alivyoketi kwenye kiti chake, amejiegemeza, kikombe mkononi.

"Nilipokufungulia mlango nilikwambiaje?"

"Karibu."

"Halafu?"

"Kwamba... hapa ni kwangu."

"Haya. Nyumba hii utaiuza lini?"

Wakili alicheka kwanza, kisha akaelewa, akafunga kalamu. "Basi itabidi umwone mwenyewe," alisema.

Chumba cha kazi cha mdogo mtu kilikuwa chembamba na kisafi. Mashine ya kusagia vioo ilidondosha maji kwenye ndoo. Fremu zilijipanga ukutani, na mwisho wa chumba ulisimama ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini. Wateja walimwita Mwalimu. Ualimu aliuacha, jina likakataa kumwacha. Alipomwona dada yake mlangoni alifuta mikono kwa taulo, polepole, kila kidole.

"Karibu, Mama Ratiba."

"Sioni karibu," alisema. Ilikuwa kweli, mwaka huo alikuwa anasoma barua kwa kunyoosha mkono mpaka mkono umwishie.

Alimketisha, akamvisha fremu ya majaribio, nzito, akaanza kubadilisha vioo. Alimuuliza maswali anayomuuliza kila mteja. Hii au hii? Ya kwanza au ya pili? "Soma mstari wa chini."

"Siuoni."

"Wa juu yake."

"Nao nabahatisha tu." Akaongeza haraka, "Nimekuja na karatasi."

"Nilijua hujaja kwa macho."

Akamweleza yote, bado amevaa fremu ile ya majaribio, macho makubwa kama ya bundi. Mdogo mtu alisikiliza huku akifuta kioo ambacho kilishatakata.

"Kwa hiyo shule zitafungiwa?"

"Hapana. Karatasi ya shule inabaki kama ilivyo, hakuna wa kuwanyang'anya. Hii ya pili ni ya kampuni peke yake. Lakini siwezi kuitoa bila wewe. Siwezi kutoa kisicho changu."

Kitambaa kikasimama. "Sema tena."

"Ile sehemu si yangu. Ni yako."

"Kwenye gazeti ulisema 'mimi'."

"Nilisema."

"Mimi nilikwambia ni yako kama mtu anavyomwambia mgeni hapa ni kwako. Mgeni anakaa, anakula, anavua viatu, hata akitaka kulala alale. Wewe ulibadilisha kitasa."

Mama Ratiba aliona aibu, aibu ya kweli, na kama asingekuwa amefungwa ile fremu masikioni huenda angetoka mbio.

"Nisamehe," alisema. Neno hilo moja lilimchukua miaka sita na nusu saa ya kutembea.

Mdogo mtu hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Aliuliza, "Wengine wameshasaini?"

"Wote wawili."

"Mimi wa mwisho."

"Wa mwisho."

"Nilikwambia uanze na msumbufu."

Hakucheka. Dada yake akajikaza, akamsimulia zile Jumamosi mbili alizojaribu kumfuta, na jinsi vidole vyake vilivyoandika "mwlaimu" kila mahali. Pembe ya mdomo wa mdogo mtu ikatikisika kidogo, akageuka upande wa mashine. "Acha karatasi hapo," alisema. "Miwani itakuwa tayari Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa siku moja tu kabla ya ile Ijumaa ya kampuni. Leo ilikuwa Jumatatu.

Jioni ile Mama Ratiba alifungua programu, akaenda kwenye ukurasa wa kwanza. Alikuwa amewaza kusubiri kwanza asainiwe, ndipo aliweke jina la mdogo wake. Alipoketi akaona akisubiri itakuwa nipe nikupe, na yeye hakwenda kule kubadilishana. Aliandika jina la ndugu yake juu, la kwake chini, kwa herufi za ukubwa mmoja, akasambaza toleo jipya kwa shule zote.

Simu zikaanza asubuhi. Mwalimu mkuu mmoja alifoka: "Tumeambiwa toleo jipya, mtambo umejizima na kujiwasha, na ndani hakuna kipya!"

"Kipo. Soma jina la kwanza."

"Huyu ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Ndiye aliyeondoa mgongano. Mimi niliwadanganya."

Mama Ratiba alilirudia jibu hilo mara kumi na tisa kabla ya mchana, na kila mara lilimwuma vilevile, hakulizoea.

Alhamisi alikwenda kabla ya saa za ofisi. Mdogo wake alikuwa anafungua mlango wa chuma. Hakumsalimia kwa jina lolote, alimwonyesha kiti tu. Akatoa miwani, akamvisha mwenyewe, akairekebisha nyuma ya sikio la kulia, la kushoto, akarudi nyuma kutazama kama imekaa sawa.

"Jana kaja mwalimu mmoja kuchukua miwani yake," alisema. "Kaniuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye ratiba. Nimemwambia ndiye."

Kisha, badala ya kumwelekeza kwenye ubao wa herufi, akamwekea fomu ya kampuni mapajani.

Mama Ratiba aliona. Kila herufi ilikaa mahali pake, nyeusi, kali. Pale fomu iliposema *nahamisha haki zangu zote*, neno *nahamisha* lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao wa darasani, limeandikwa *naruhusu*. *Zote* nalo limekatwa. Limeandikwa *kwa karatasi zote mbili*. Chini ya hapo sahihi, na tarehe ya Jumanne.

Jumanne ndiyo ile siku ya simu, siku moja kabla mwalimu yule hajamuuliza. Akavuta pumzi ya kusema asante.

"Hujamaliza," alisema mdogo mtu. "Soma mstari wa chini."

Chini kabisa ya ukurasa, kwenye ukingo ambao hakuna wakili angetazama, palikuwa na maandishi madogo kama chawa.

"Herufi ndogo hivi?"

"Ndicho kipimo. Soma kwa sauti."

"Hii si yako..." alisoma, akasita.

"Endelea."

"Hii si yako, dada."

Mdogo mtu alisubiri, amekunja mikono, kama alivyokuwa akimsubiri mwanafunzi aliye ubaoni.

"Bado kidogo. Malizia."

"Ni yangu. Nimekuruhusu."

Mashine ilidondosha tone kwenye ndoo, likafuata jingine. Mama Ratiba alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Miwani yako mibovu," alisema. "Sioni kitu."

Mdogo wake akaichukua usoni pake, akaipangusa kwa ncha ya shati, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, akamrudishia.

"Jaribu tena, dada," alisema.